Kabla ya Pikipiki: Adabu ya Baiskeli za Busia na Malaba

Bodaboda wakikosea Nairobi, hawakosekani watu wa kusema kwamba kazi hiyo haikuwahi kuwa na adabu. Machi 2022, baada ya mwanamke mmoja kuvamiwa na waendesha pikipiki kwenye barabara ya Profesa Wangari Maathai, serikali ilitangaza msako wa nchi nzima, na kwa siku kadhaa kila mwenye pikipiki akawa mshukiwa. Kitendo chenyewe kilikuwa cha aibu, na waliokifanya walistahili mkono wa sheria. Ila wanaosema kazi hii ilizaliwa mtaani bila malezi hawajui ilikozaliwa. Ilizaliwa Busia na Malaba, miji ya mpaka wa Kenya na Uganda, kwa baiskeli, na ililelewa vizuri.

Tuanze na mpaka wenyewe, kwa kuwa wenyeji ni wakongwe kuliko mpaka huo. Hadi mwaka 1902 upande wa Kenya wa mpaka huu ulihesabiwa kuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Waingereza wakauhamishia himaya ya pili, ile iliyokuja kuitwa Kenya, na mstari ukapitishwa kwa kufuata mito kama Sio, Malaba na Lwakhakha. Msamia akalala na kuamka shangazi yake yuko nchi nyingine. Mteso wa Amagoro akawa na wakwe ng'ambo ya mto, kwa serikali tofauti. Harusi, matanga na siku za soko hazikubadilika, kwa hiyo watu waliendelea kuvuka kama zamani, safari hii wakiulizwa wanakwenda wapi.

Kufikia miaka ya 1960, lango la Kenya na la Uganda pale Busia yalikuwa yametengana kwa umbali unaokaribia kilomita moja. Gari lilitakiwa kuonyesha makaratasi, na baiskeli ilipita. Mama mwenye mtoto mgongoni na kikapu cha samaki, au mzee aliyetoka hospitali, hakuwa na namna ila kutembea juani na mzigo wake. Hapo ndipo vijana wenye baiskeli walipoiona kazi. Walisimama langoni wakiita “boda-boda!”, yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Watu wa Busia hushikilia kwamba ilianzia kwao, na wa Malaba nao hawakubali kushindwa. Ugomvi huo nawaachia wenyewe.

Iangalie baiskeli ile kwa karibu. Ni Black Mamba, ile nyeusi ya fremu nzito. Juu ya keria pamefungwa kiti cha sponji kilichovikwa ngozi ya plastiki, mara nyingi nyekundu au buluu, kimeshonwa kingo na wakati mwingine kina nyuzi zinazoning'inia. Fundi amechomelea vyuma viwili pembeni mwa gurudumu la nyuma ili abiria aweke miguu. Mwenyewe ana kitambaa, na kabla hujapanda anapangusa kiti. Mama aliyevaa leso anakaa upande, na baiskeli inashikwa imara mpaka akae sawa. Hakuna kanuni ya serikali iliyoagiza hayo. Kijana alijua kwamba kesho atambeba tena mama yuleyule, au dada yake, au mama mkwe wake mwenyewe.

Abiria naye alikuwa na sehemu yake. Kwenye mwinuko alishuka bila kuambiwa, wakapanda wote kwa miguu, mmoja akisukuma na mwingine akishika mzigo usidondoke. Huwezi kumdharau mtu ambaye jasho lake unaliona mgongoni kwake, shibiri moja tu kutoka usoni pako. Nadhani hiyo ndiyo siri kubwa ya adabu ya zamani, kuliko hata undugu. Injini ilipokuja, jasho lile halikuonekana tena.

Kisha ikaja miaka ya magendo. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, maduka ya Uganda yalianza kuwa matupu, na sabuni na chumvi zikawa bidhaa za kutafutwa. Baridi kali iliharibu kahawa ya Brazili mwaka 1975, na bei ya kahawa duniani ikapanda ajabu mwaka 1976 na 1977. Kahawa ya Uganda ikamiminika Kenya kwa njia za panya, na bidhaa za dukani zikaelekea upande wa pili. Baiskeli ilibeba vyote viwili. Sitaki kuipamba biashara hiyo, kwani ilikuwa haramu na iliwapoteza watu. Ila ilimfanya mwendesha baiskeli kuwa mtu wa kuaminiwa. Mfanyabiashara alimkabidhi gunia lenye mali yake yote usiku, bila risiti, na alimwita ndugu kwa sababu alimhitaji kama ndugu.

Salamu za hapa pia zilisaidia. Ng'ambo, kwa Kiganda, mtu aliye kazini huambiwa “gyebale ko”, akipongezwa kwa kazi kabla ya jambo lingine lolote. Mteso hushukuru kwa “eyalama”, na anayetumia Kiswahili husema “pole na kazi”. Mwendesha boda wa mpakani alizisikia zote kwa siku moja, na aliweza kuzijibu zote.

Kuna kundi jingine ambalo historia ya Busia haikamiliki bila hilo, nalo ni la watu wenye ulemavu, wengi wao walioathiriwa na polio, waliovusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Watafiti Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda waliandika habari zao mwaka 2007. Maofisa wa forodha walikuwa wakiwalegezea, na wafanyabiashara wakagundua kwamba mzigo ulio kwenye baiskeli hizo haukaguliwi sana. Unaweza kuita huo ujanja. Mimi naona mtu ambaye pengine angeachwa akiomba kando ya barabara alipata kuwa mtu anayebembelezwa, anayeulizwa kama leo ana nafasi.

Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi kwa pikipiki ndogo, na mambo yakabadilika haraka. Pikipiki zilifurika kila mji, zikalibeba jina la mpakani hadi mahali ambapo hapana mpaka wowote. Kijana alichukua pikipiki ya mtu kwa mkataba, akidaiwa kiasi fulani kila jioni, apate asipate. Abiria akawa mtu asiyemjua na ambaye huenda hatamwona tena. Wanasiasa waliwajengea vibanda vya kupumzikia na kuandika majina yao wenyewe juu ya mabati. Kanuni za mwaka 2015 zilidai kofia ngumu na jaketi la kung'aa, na abiria mmoja tu. Hazikusema lolote kuhusu namna watu wawili hao wanavyozungumza, na sheria isingeweza.

Mpakani nako kukageuka. Februari 2018, Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia. Anayeingia Uganda sasa hukamilisha shughuli za nchi zote mbili upande wa Uganda, na anayerudi hufanya hivyo upande wa Kenya. Kwa msafiri ni nafuu kubwa. Kwa mwendesha boda, mwendo ule wa lango kwa lango uliompa jina lake haukuwa tena na umuhimu wa zamani. Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka kwa abiria kwa sababu ya Korona, na huko Malaba malori yakapanga foleni ya kilomita nyingi yakisubiri vipimo. Madereva waliepukwa kama ndio ugonjwa wenyewe, ingawa unga na mafuta ya watu yalikuwa kwenye malori hayohayo.

Baiskeli hazijaisha Busia. Bado zinabeba abiria pamoja na pikipiki zenye miavuli ya rangi, na bado kiti kinapanguswa. Ukishukia huko, au Malaba, mjulie hali mwenye boda kabla ya kuuliza nauli, bei mkishakubaliana usiibadilishe mkifika, na uwe na pesa ndogo mkononi. Noti ya elfu moja kwa safari ya shilingi hamsini humtoa kwenye foleni akizunguka kutafuta chenji, na mteja aliyekuwa zamu yake anachukuliwa na mwingine.