Ufunguo Uliopotea

Watu wengi hudhani kwamba historia ni habari za wafalme, vita na mikataba peke yake. Hawakukosea kabisa, lakini hawakusema yote. Iko historia katika chungu cha jikoni, iko katika kiatu, na iko pia katika ufunguo unaoutia mfukoni asubuhi na kuusahau mpaka jioni. Katika insha hii nataka tuutazame ufunguo, nasi tutaanzia Buruburu, mtaa ulio upande wa mashariki ya Nairobi.

Mwalimu mwenzangu mmoja aliweka akiba kwa miaka mingi, akanunua motokaa ndogo iliyokwisha kutumika Japani kabla ya kuletwa kwetu. Hakuinunua kwa fahari. Mama yake ni mzee, naye hana budi kwenda hospitali kila juma. Aliponunua alipewa ufunguo mmoja, wala hakuuliza wa pili uko wapi. Ufunguo wenyewe ulikuwa kidude cheusi cha plastiki. Mwenye kidude akikaribia, mlango hukubali kufunguka. Akikanyaga breki na kubonyeza kitufe, injini huwaka.

Siku moja aliiacha motokaa nyumbani, akapanda matatu kwenda soko la Gikomba. Aliporudi, mfuko ulikuwa mtupu. Basi akasimama mbele ya mali yake mwenyewe, iliyolipiwa mpaka senti ya mwisho na kusajiliwa kwa jina lake, naye hawezi kuingia ndani. Kesho yake ilikuwa siku ya mama kwenda hospitali.

Akatafuta fundi, na fundi akapatikana Kariobangi, katika karakana zile ambazo watu wa Eastlands huzijua vizuri. Neno la kwanza la fundi halikuwa bei. Alisema, "Mwalimu, nionyeshe hati ya usajili na kitambulisho chako." Aliporidhika aliizunguka motokaa, kisha akasema, "Hapa pana vitasa viwili. Cha kwanza hata babu yako angekielewa. Cha pili, mimi mwenyewe bado najifunza."

Maneno hayo machache yamebeba historia ndefu. Natuitazame.

Kitasa cha kwanza ni cha chuma. Ndani ya kile kidude cha plastiki mlikuwa mmefichwa ufunguo mdogo wa chuma, uliowekwa kwa ajili ya siku ya dhiki. Asili yake ni ya mbali sana. Wamisri wa kale walitumia vitasa vya mti vyenye vijiti vilivyoanguka katika matundu ya komeo na kulizuia lisisogee. Ufunguo, nao pia wa mti, ulikuwa na meno ya kuviinua vijiti hivyo. Warumi walitengeneza funguo za madini, nyingine ndogo kiasi cha kuvaliwa kidoleni kama pete. Katika pwani yetu, Lamu na Unguja, mafundi walichonga milango mizito ya mbao yenye nakshi, ikafungwa kwa minyororo na makufuli. Neno kufuli tulilipata kwa Waarabu, lakini neno ufunguo ni letu wenyewe, limetokana na kufungua. Angalia jambo hili: Mswahili hakukiita chombo hicho kwa kazi yake ya kufunga, alikiita kwa kazi yake ya kufungua.

Mwaka wa 1861 Mmarekani Linus Yale mdogo alipata hataza ya kitasa chenye vijiti vidogo vya chuma ndani ya mcheduara, akakiboresha kwa hataza nyingine mwaka wa 1865. Ndiye aliyeifanya hekima ile ya Misri iwe ndogo kiasi cha kutosha mfukoni. Kitasa cha motokaa ni jamaa yake, ila badala ya vijiti aghalabu hutumia vibati bapa. Kila kibati kina kimo chake, na vimo hivyo vikiandikwa kwa utaratibu huwa nambari. Kwa sababu hiyo motokaa nyingi mpya za Kijapani hutoka kiwandani pamoja na kibati cha madini kilichochapwa nambari ya ufunguo. Mwenye nambari hiyo aweza kuchongewa ufunguo mpya hata kama wa zamani umetupwa baharini. Mwenye motokaa huambiwa akihifadhi mahali pengine, asikiache ndani ya gari.

Lakini motokaa ya mwenzangu ilikuwa imepitia mikono mingi. Mwenye kwanza aliiuza, ikapigwa mnada, ikapakiwa melini, ikashushwa Mombasa, ikapanda hadi Nairobi, ikasimama uwanjani kwa mchuuzi. Katika safari hiyo chuma kilifika salama, ila kile kibati kisichozidi ukubwa wa kidole kilipotea. Nani angekikumbuka?

Kitasa cha pili hakionekani kwa macho. Motokaa za kwanza hazikuwa na ufunguo wa kuziwasha. Dereva alisimama mbele na kuzungusha mkono wa chuma. Mwaka wa 1912 kampuni ya Cadillac ilianza kuuza motokaa zenye kiwashio cha umeme, kazi ya mhandisi Charles Kettering. Mwaka wa 1949 Chrysler ikaunganisha kiwashio na ufunguo, dereva akawa anazungusha na kuondoka. Kisha, mwaka wa 1980, Ford ikaleta jambo geni: vibonye vitano mlangoni. Mwenye gari alibonyeza tarakimu tano za siri, mlango ukafunguka bila ya ufunguo wowote.

Hapa nakuomba, msomaji, ushike kalamu. Kila kibonye kilibeba tarakimu mbili, kwa hiyo tarakimu zilikuwa kumi lakini machaguo yalikuwa matano tu. Tano mara tano mara tano mara tano mara tano ni 3,125. Mtu mwenye subira, akijaribu moja kila baada ya sekunde tano, angezimaliza zote kwa saa nne na dakika ishirini na ushei. Ndiyo sababu watengenezaji walifanya vibonye vinyamaze kwa muda mtu akikosea mara nyingi mfululizo. Na mwenye gari aliyeisahau nambari yake alifanyaje? Aliitafuta katika kadi iliyokuja na gari, au katika karatasi iliyobandikwa mahali pa siri, au juu ya kisanduku cha kompyuta kilichofichwa ndani. Nambari haikuwa imepotea, ilikuwa imeandikwa mahali ambapo mnunuzi wa pili hakuambiwa.

Baada ya vibonye yakaja mawimbi ya redio. Hatari yake ni kwamba sauti ikienda hewani, mwizi aweza kuinasa na kuirudia. Dawa ya jambo hili ilitafutwa pia katika bara letu la Afrika. Katikati ya miaka ya 1980, Afrika ya Kusini, Gideon Kuhn wa Chuo Kikuu cha Pretoria na wahandisi wa kampuni ya Nanoteq, Frederick Bruwer na Willem Smit, walibuni namna ya kuibadilisha nambari kila kitufe kibonyezwapo, hata iliyonaswa leo isifae kesho. Waliiita KeeLoq. Mwaka wa 1995 iliuzwa kwa kampuni ya Kimarekani, nayo ikaingia katika funguo za motokaa za mataifa mengi. Tangu mwaka wa 1998 sheria za Ulaya zikalazimisha motokaa mpya kuwa na chombo cha kuizuia injini isiwake ila kwa ufunguo inaoutambua.

Je, siri hizo zilidumu? Historia yatufundisha kutojivuna. Mwaka wa 1851, katika Maonyesho Makuu ya London, fundi Mmarekani aliyeitwa Hobbs alivifungua vitasa viwili vilivyosifiwa Uingereza nzima. Cha Bramah kilikuwa kimewekwa dirishani mwa duka tangu mwaka wa 1790, na zawadi ya gini 200 kwa atakayeweza kukifungua. Hobbs alikishughulikia saa 51 katika muda wa siku 16, akakifungua. Watu walikasirika, wakasema amewafundisha wezi. Yeye aliona kwamba wezi wamekwisha jua, wasiojua ni wenye nyumba. Zaidi ya miaka 150 baadaye, mwaka wa 2007 na 2008, wanachuoni wa Ulaya walionyesha udhaifu wa KeeLoq, na mabishano yakawa yale yale.

Labda wauliza motokaa ya Japani ilifikaje Buruburu. Katika miaka ya 1970 Kenya ilijenga viwanda vya kuunganisha magari huko Thika, Nairobi na Mombasa, na ushuru na vibali viliyazuia yaliyotumika ng'ambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 masharti ya biashara yalilegezwa. Japani, kama sisi, hupita upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo usukani wao watufaa. Serikali iliweka kanuni kwamba motokaa iliyotumika isizidi umri wa miaka minane iingiapo nchini. Hivyo mwalimu, karani na mwuza nguo wakaweza kununua walichokuwa wakikitazama tu. Tulipata chombo, lakini siri zake zilibaki zimeandikwa kwa lugha tusiyoisoma, katika vitabu ambavyo havikusafiri.

Nawe kijana wa Eastlands usidhani kwamba jambo hili la nambari na milango ni geni mitaani mwako. Kariokor ilipata jina lake kwa wale wapagazi wa jeshi wa Vita Kuu ya Kwanza. Sheria ya mwaka wa 1915, iliyotekelezwa baada ya vita hivyo, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kubeba kipande, karatasi yenye nambari yake na alama za vidole vyake, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Mwezi wa Aprili mwaka wa 1954 askari wa serikali ya kikoloni waliizingira Nairobi, wakaingia mitaani mtaa kwa mtaa, na maelfu ya watu wakatiwa vizuizini. Karatasi ilikuwa ndiyo ufunguo wa kubaki mjini au kuondolewa, na aliyeamua maana ya karatasi hiyo hakuwa yule aliyeibeba. Tofauti ni kubwa kati ya kuwa na nambari na kumiliki siri ya nambari. Babu zetu walibeba nambari iliyowafunga. Yafaa sisi tujifunze nambari zinazofungua.

Sasa turudi uani kwa mwenzangu. Fundi aliufungua mlango kwa ustadi wa mikono ambao sitaueleza hapa. Akakitoa kitasa, akakifungua juu ya kitambaa cheupe, akapima kibati kimoja kimoja na kuandika vimo vyake katika daftari. Nambari iliyopotea ikaonekana tena, maana ilikuwa imeandikwa katika umbo la chuma chenyewe. Akachonga ufunguo mpya. Kisha akaunganisha kikompyuta chake chini ya usukani, na baada ya saa nyingi akaifanya motokaa iusahau ufunguo uliopotea na kuutambua ule aliouleta. Akatengeneza wa pili vile vile. Malipo yalikula karibu nusu ya mshahara wa mwezi wa mwalimu, naye alilipa bila ya kunung'unika. Kuhusu siku ya mama ya hospitali, majirani walichanga fedha za teksi usiku ule ule, na mama alifika kwa wakati.

Nilimwuliza fundi kwa nini alidai hati kabla ya kugusa chochote. Alinijibu, "Mikono hii inafungua. Ikifungua bila ya kuuliza, kesho hapatakuwa na mtu wa Kariobangi atakayelala." Mtu huyo hakusoma habari za Hobbs wala za Bramah, lakini alilijua jambo ambalo chuma na kompyuta havijalibadilisha, kwamba kitasa cha mwisho ni uaminifu wa anayejua kufungua.

Msomaji, wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Ununuapo kitu kilichokuwa cha mwingine, uliza habari zake: ufunguo wa pili uko wapi, kitabu chake kiko wapi, nambari yake imeandikwa wapi. Na uuzapo chako, usimpe mwenzio chuma kitupu. Mpe na siri yake. Kazi ya historia ni hiyo hiyo. Kila kizazi hukikabidhi kizazi kifuatacho nyumba, shamba na nchi. Tukikabidhi bila ya maelezo, warithi watasimama nje ya mali yao wenyewe, kama mwalimu yule alivyosimama jioni ile, mikono mitupu, mlango umefungwa. Mwenzangu sasa ana daftari. Katika ukurasa wa kwanza ameandika nambari ya ufunguo, na daftari lenyewe ameliweka kwa mama.