Nafasi: Historia ya Dhana Isiyoonekana

Hakuna aliyepata kuiona nafasi. Kinachoonekana ni vitu, umbali uliopo baina ya kimoja na kingine, na mabadiliko ya umbali huo. Je, dhana ya nafasi huutangulia uchunguzi, au huzaliwa nao?

Isaac Newton, mwaka 1687, alishikilia kwamba nafasi ipo yenyewe, isitegemee kitu chochote. Ushahidi wake ulikuwa ndoo ya maji iliyotundikwa kwa kamba iliyosokotwa. Kamba inapojifungua, ndoo huzunguka huku uso wa maji ungali bapa. Baadaye maji nayo huzunguka, yakapanda kingoni na kubonyea katikati. Mbonyeo huo hautokani na mwendo wa maji kwa kulinganishwa na ndoo, kwani sasa vyote huenda pamoja. Kwa hiyo, kwa hoja ya Newton, maji huzunguka ndani ya nafasi yenyewe.

Leibniz alimpinga katika barua alizoandikiana na Samuel Clarke mwaka 1715 na 1716: nafasi ni mpangilio tu wa vitu vilivyopo pamoja. Mwaka 1883 Ernst Mach aliirudia ndoo ileile, akasema kwamba mzunguko wa maji hujulikana kwa kulinganishwa na nyota. Einstein, mwaka 1905, alitanguliza kipimo: urefu na wakati hupata maana kwa rula, saa na ishara za nuru. Hata hivyo, Leibniz hakushinda kabisa. Mwaka 1917 Willem de Sitter alionyesha kwamba milinganyo ya Einstein, katika umbo lake la mwaka huo, huruhusu ulimwengu usio na maada.

Mjadala huu unaigusa sarufi ya Kiswahili. *Nyumbani* huundwa kutokana na *nyumba*: kitu hutangulia, mahali hufuata. Kisha upatanisho hutenga *pana*, *kuna* na *mna*, yaani mahali mahususi, mahali pasipo dhahiri, na ndani. Lakini *mahali*, neno lenye asili ya Kiarabu, husimama peke yake bila kutaja kitu. Haifai kudai kwamba sarufi hiyo inathibitisha fizikia yoyote. Hata hivyo, mwanaistilahi anayechagua *nafasi*, neno ambalo pia humaanisha fursa na wasaa, amekwisha kudokeza uwazi unaongoja kujazwa. Pasipo tahadhari, mwanafunzi atarithi jibu la Newton kabla ya kulisikia swali.