Paa Lililoiangukia Buran

Kila Aprili 12 dunia huadhimisha safari za binadamu angani, na picha ni ileile: Yuri Gagarin akitabasamu. Anastahili. Mwaka 1961 alirushwa kutoka Baikonur, katika nyika za Kazakhstan, akaizunguka dunia na kurudi kwa dakika 108. Hata jina la kituo lilikuwa la kuwapumbaza wapelelezi: kilijengwa kuanzia 1955 karibu na stesheni ya reli ya Tyuratam, na Baikonur yenyewe ni mji wa migodi ulio mbali sana na hapo. Hayo yameandikwa mno. Kinachoniuma mimi ni jengo namba 112.

Humo iliwekwa Buran, ndege ya anga za juu ya Wasovieti. Novemba 15, 1988 ilipaa ubavuni mwa roketi ya Energia bila mtu ndani, ikaizunguka dunia mara mbili, ikarudi kutua yenyewe palepale Baikonur huku upepo mkali ukiisukuma kando. Iliukosa mstari wa katikati wa njia ya kutulia kwa mita tatu hivi.

Waandishi wengi huiita nakala ya ndege za anga za juu za Marekani, na kuishia hapo. Sikubaliani nao. Umbo lilifanana, na Wasovieti waliichungulia sana kazi ya wenzao. Lakini injini kubwa za Wamarekani zilikuwa mkiani mwa ndege. Za Wasovieti zilikuwa kwenye roketi, nayo iliweza kubeba mzigo mwingine kabisa, kama ilivyofanya 1987. Tena Wamarekani, safari yao ya kwanza mwaka 1981, walipandisha marubani wawili. Buran haikuhitaji hata mmoja.

Mradi ulifutwa 1993. Mei 12, 2002, mafundi wakiwa juu wanatengeneza paa, likaporomoka. Watu wanane wakafa. Chini yao Buran, ndege pekee ya mradi ule iliyowahi kufika angani, ikapondwa ikiwa bado imepachikwa kwenye mfano wa Energia.

Ukienda Speyer, Ujerumani, utaonyeshwa Buran safi, imetunzwa. Usidanganyike: hiyo ni ya majaribio, ilifungwa injini za jeti na haikutoka kamwe katika hewa ya dunia. Wakati huohuo Discovery, ndege ya anga za juu ya Marekani yenye safari 39, imepewa ukumbi wake Virginia.

Leo Urusi imeikodi Baikonur kutoka Kazakhstan hadi 2050. Jukwaa alikorushwa Gagarin lilirusha roketi ya mwisho Septemba 25, 2019, ikiwa na Hazza Al Mansouri, raia wa kwanza wa Falme za Kiarabu kwenda angani.

Hapohapo Baikonur, katika banda jingine, zimebaki ndege mbili za mradi wa Buran: moja ilikuwa karibu kukamilika, nyingine ni mfano wa majaribio. Vumbi limezifunika, ndege wamezinyea mabawa, na vijana huvuka jangwa kwa miguu, kwa kificho, ili wazipige picha. Serikali za Kazakhstan na Urusi zizitoe humo kabla paa la pili halijaanguka, na popote zitakapowekwa, majina ya wale mafundi wanane yaandikwe mlangoni.