Iritungu na Ubao wa Darasa

Tarehe 10 Desemba 1962, Rais Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika Mara, aliwauliza wabunge ni wangapi kati yao waliofundishwa shuleni nyimbo za Wanyamwezi au za Wahehe. Siku hiyo hiyo alitangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Lakini wizara ni jambo moja, na mpango wa somo ni jambo jingine.

Hapana shaka njia ya do, re, mi, aliyoieneza John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19, ilikuwa na faida yake. Mwalimu asiye na kinanda aliweza kuandika wimbo ubaoni kwa herufi tu, akapanga kazi ya juma zima: leo ngazi ya sauti, kesho wimbo. Njia hiyo ilienea barani. Enoch Sontonga, aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake ndiyo ya Mungu Ibariki Afrika, alikuwa mwalimu wa shule ya misheni.

Tazama sasa upande wa Tarime na Serengeti, kwenye Wakuria. Iritungu la Wakuria lina nyuzi 8, na mpigaji huzikaza kwa sikio, zifuatane na koo lake mwenyewe. Mtoto hujifunza kwa kuketi karibu na kucheza. Wimbo huo ukiandikwa kwa herufi za Curwen wapata nafasi katika ratiba. Mguu na uzi hubaki nje, pamoja na mpigaji, ambaye hana cheti cha ualimu.