Treni Zilizoachwa Nje ya Gemu

Mwaka 2001 Microsoft walitoa Train Simulator, gemu ya kuendesha treni kwenye kompyuta. Ilikuja na njia sita: mbili za Marekani, mbili za Japani, moja ya Uingereza na moja ya Austria. India, yenye reli ya zaidi ya kilomita 60,000, haikupewa hata stesheni moja.

Mashabiki wa kule hawakungoja kualikwa. Gemu ilikubali kuongezewa vitu, basi wakaanza kuunda treni zao na kuzigawa bure. Na si mchezo: kuna umbo, rangi, mlio, honi, hadi uzito unaofanya treni ichelewe kusimama.

Mojawapo ilikuwa WDM-2. W ni reli pana, D ni dizeli, M ni mizigo na abiria. Ramani yake ilitoka kampuni ya ALCO ya Marekani. Za kwanza zilifika 1962, kisha India ikaziunda yenyewe mjini Varanasi. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyovuta nchi.

Leo nyaya za umeme zimefika karibu reli yote ya India, na WDM-2 nyingi zimeishia kuwa skrapu. Lakini kwenye gemu bado inanguruma. Watu waliotaka kucheza tu wamejikuta watunza historia.

Shida ni kwamba historia hiyo inalala kwenye kompyuta za watu binafsi. Diski ikifa bila nakala, WDM-2 inakufa mara ya pili.