Kimbilio la bata maji: historia ya karatasi moja ya 1960

 

Juzi kwenye kipindi chetu cha jioni, mdogo wangu mmoja aliniuliza: "Kaka, ndege akivuka mpaka, nani anamwandikisha?" Tulicheka wote. Lakini swali lilinikaa kichwani, nikaanza kusoma.

Kaskazini kabisa mwa Alaska, Marekani, kuna nchi ya tundra. Haioti miti, na chini ardhi imeganda mwaka mzima. Huko ndiko anakozaa bata maji wa tundra, ndege mkubwa mweupe pee, mwenye shingo ndefu. Dume na jike wakishaoana kawaida hawaachani. Wanajenga kiota karibu na maji, wanalalia mayai kama mwezi mmoja, halafu vifaranga wanahitaji kama miezi miwili ndipo waruke. Majira ya joto huko ni mafupi mno. Wakivurugwa, hakuna muda wa kuanza upya.

Baridi ikikaribia, familia nzima inaondoka. Wa pwani ile ya kaskazini wanaikata Kanada, maelfu ya kilomita, mpaka ghuba ya Chesapeake na North Carolina. Watoto hawana ramani, njia wanajifunza kwa kuruka na wazazi. Huko kusini wanaokota mabaki ya mahindi mashambani, wanashiba. Lakini hawatagi huko. Shibe ya ugenini inawavusha baridi tu, kizazi kipya kinatoka kwenye kiota cha kaskazini.

Mwaka 1916 Marekani na Uingereza, iliyosaini kwa niaba ya Kanada, waliweka mkataba wa kulinda ndege wahamaji. Walikubali jambo ambalo sisi tunalijua vizuri: anayevuka mpaka hawezi kulindwa na nchi moja peke yake. Ila mkataba ule ulihusu zaidi uwindaji. Ardhi ya kiota ilibaki suala lingine.

Mwaka 1956 Olaus Murie na mkewe Margaret walikaa majira ya joto kwenye bonde la mto Sheenjek, wakatafiti, wakarudi na kubisha milango ya serikali. Bungeni jambo likakwama. Basi tarehe 6 Desemba 1960 waziri Fred Seaton, serikali yao ikiwa imebakiza wiki chache tu, akatia saini amri: kama kilomita za mraba 36,000 zitengwe kwa ajili ya wanyama na ndege.

Mwaka 1968 mafuta mengi yakagunduliwa Prudhoe Bay, magharibi ya hapo. Mvutano ukaanza. Mwaka 1980 Rais Jimmy Carter alisaini sheria iliyoongeza eneo karibu mara mbili, na jina likabadilishwa, likaitwa Kimbilio. Leo ni kama kilomita za mraba 78,000, kubwa kuliko Burundi na Rwanda zikiunganishwa. Ila uwanda wa pwani, kama kilomita za mraba 6,000, wanakotaga bata wetu na kuzalia kulungu wa Aktiki, uliachwa unaning'inia: mafuta yasichimbwe mpaka Bunge liruhusu. Yaani kimbilio lenye masharti.

Mwaka 1995 Bunge lilitaka kuufungua, Rais Clinton akakataa kusaini. Mwaka 2017 sheria ikaufungua. Mnada wa Januari 2021 kampuni kubwa hazikuja. Mwaka 2023 serikali ikafuta vibali vilivyobaki. Mnada wa Januari 2025 haukupata mnunuzi hata mmoja, na mwaka huohuo sheria nyingine ikaagiza minada zaidi.

Tusidanganyane, wenyeji nao hawasemi kitu kimoja. Wagwich'in, wanaoishi kwa kulungu, wamekuwa wakipinga tangu 1988 walipokutana kijiji cha Arctic Village. Lakini kule Kaktovik, pwani penyewe, Wainupiati wengi wanataka pesa ya mafuta ili wapate huduma kama watu wengine. Nani kati yetu atawacheka?

Kwa Kiswahili, kimbilio na mkimbizi ni watoto wa neno moja, kukimbia. Ndiyo maana historia hii imenigusa. Saini moja ilifungua mlango, saini nyingine inaweza kuufunga. Sisi tunaotembea na karatasi zenye tarehe ya mwisho hatuhitaji kuelezwa hilo. Kilichowatunza bata wale zaidi ya miaka 60 si karatasi peke yake, ni watu waliorudi kubisha mlango kila karatasi ilipotikiswa.

Ndugu zetu wa mashirika, mgao unatuvusha, asanteni. Lakini siku mkikaa mezani na wakubwa, ulizeni na habari za kiota.

Na wewe mdogo wangu uliyeuliza: ndege hawaandikishwi na mtu. Ila kuna watu waliokubali kuwasemea. Sisi tuna mdomo, tujisemee.