Kutembea nuruni

Kutembea nuruni ni desturi ya Wakristo wa Uamsho wa Afrika Mashariki ya kuishi bila kufichana: kuitaja dhambi kwa jina mbele ya ndugu, kumwendea uliyemkosea, na kurudisha ulichochukua. Jina limetoka katika sura ya kwanza ya Waraka wa Kwanza wa Yohana. Wenyewe huieleza kuwa ndiyo namna ya kuishi kwa neema ya Mungu siku za kazi, si Jumapili peke yake.

Neno neema lenyewe lina sura mbili. Limetoka Kiarabu, na mkulima hulitumia bila kuwaza kanisa: mwaka wa neema ni mwaka wa mvua nzuri na ghala lililojaa. Katika mafundisho ya Kikristo ni kibali ambacho mtu hakustahili naye amepewa bure. Watu wa Uamsho waliziunganisha maana hizo kwa njia ya ajabu kidogo, kwa kuwa kwao dalili ya neema ilikuwa ghala kupungua, mwenyewe akishamaliza kurudisha cha watu.

Chimbuko la Uamsho ni Gahini, mashariki mwa Rwanda, kwenye hospitali ya misheni ya Kianglikana. Daktari wake Mwingereza, Joe Church, alikuwa amechoka na kukata tamaa alipokutana na Mganda Simeoni Nsibambi huko Namirembe, Kampala, Septemba 1929. Wawili hao walikaa na Biblia siku mbili. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, akaenda kufundisha Gahini, na Yosiya Kinuka, msimamizi wa wauguzi wa hospitali hiyo, akaongoka mwaka 1931. Kigozi alifariki Januari 1936. Mwaka 1937 ujumbe wa Uamsho ulifika Kabete, Kenya. Kwa upande wa Tanganyika uliingia kupitia Bukoba, ukawakuta Walutheri.

Waganda waliwaita watu wa Uamsho abalokole, waliookolewa, na kutoka hapo Kiswahili kikapata mlokole, neno ambalo Tanzania leo hutumika pia kwa utani, pengine kwa kejeli. Ushirika wao haukuwa na kadi wala kiongozi wa kulipwa. Walikutana kila wiki. Mmoja alisimama kutoa ushuhuda, akataja kosa lake la juzi, na wenzake walimpokea kwa wimbo wa Kiganda Tukutendereza, ambao ulivuka mipaka ya lugha zote za eneo hili. Lakini kuungama kikundini hakukutosha. Mwizi alirudisha ng'ombe au fedha, mfanyakazi akarudisha vifaa vya mwajiri, mume akamwomba mkewe radhi. Hili la mwisho, kwa jamii za miaka ya 1930, huenda lilishangaza kuliko kurudishwa kwa ng'ombe.

Nuru haikuchagua rangi wala cheo. Wamishonari waliungama kiburi chao mbele ya Waafrika, na Waafrika wakaungama chuki yao. Festo Kivengere, baadaye askofu wa Kigezi, alisimulia jinsi alivyopanda baiskeli mwendo mrefu kwenda kupatana na Mwingereza ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimchukia. Mambo ya namna hiyo hayakuwafurahisha wote. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa Chuo cha Askofu Tucker, Mukono, akiwamo William Nagenda, walifukuzwa kwa kukaidi amri ya kuacha ibada zao za alfajiri.

Mtihani mkubwa ulikuja wakati wa vita na mauaji. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Kenya Oktoba 1952, ndugu wengi Wakikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni, na wengi wao wakakataa pia bunduki za serikali, hivyo wakashukiwa na pande zote mbili. Rwanda, mchungaji Yona Kanamuzeyi, aliyewahudumia wakimbizi wa Nyamata, aliuawa Januari 1964. Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa tarehe 16 Februari 1977, chini ya utawala wa Idi Amin. Kivengere alikimbilia uhamishoni na mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho jina lake linasema anampenda Idi Amin. Lakini mwandishi wa haki hawezi kuruka mauaji ya kimbari ya 1994, yaliyotokea Rwanda, nchi hiyohiyo ulikozaliwa Uamsho, bila Uamsho kuyazuia.

Udhaifu mwingine ulitoka ndani. Kilichoanza kama zawadi kiligeuka kipimo, na ndugu wakaanza kukaguana mavazi na mwenendo. Huko Nyanza, Kenya, mvutano kati ya makundi ya Uamsho ulichangia kuzaliwa kwa kanisa la Johera, "watu wa upendo", mwishoni mwa miaka ya 1950. Uganda, miaka ya 1970, Wazukufu, yaani walioamka upya, walikataza hata kukopa. Kwao deni lilikuwa dhambi. Kwa vuguvugu lililoanza kwa watu kulipa madeni ya zamani, mantiki hiyo ina sababu zake.

Alama ya Uamsho iliyoenea zaidi ni salamu ya "Bwana asifiwe". Zamani ilimtambulisha ndugu kwa ndugu njiani. Sasa hata mgombea ubunge asiyejulikana anasali wapi hufungua nayo mkutano wa kampeni, na umati humwitikia "Amina".